Umepitiwa na Nini?

Siku ya kuniaga kazini Korogwe, kijana mmoja wa masjala alinikabili nikiwa na sahani ya pilau mkononi. Simtaji jina kwa sababu bado anahitaji kupandishwa cheo. Alikuwa amesoma gazetini kwamba wataalamu wa ubongo wanakaribia kueleza kila tendo la binadamu: mishipa ya kichwani inaamua, mtu anafuata.

"Kwa hiyo, mzee," akaniambia, "miaka yote hiyo mmewafunga watu kwa mambo ambayo hawakuyachagua. Si bora mahakama zifungwe tu?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaendelea kutafuna. Lakini swali lake nalifahamu tangu Handeni, miaka ya mwanzo ya vijiji vya Ujamaa, na lilinijia kwa njia ya neno moja la Kiswahili nililolitafsiri vibaya mbele ya hakimu. Nimeamua kumwandikia jibu, yeye na ninyi wengine mliorithi viti vyetu. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Mnazijua, na hazijawahi kumchangamsha mtu.

Nilianza kazi miezi michache kabla ya Uhuru. Mimi ni mtu wa Kwashemshi, nimekulia milimani kwenye migomba na ukungu, na barua ya kazi iliponipeleka Handeni niliteremka kwenye basi nimevaa viatu vyeupe vya turubai. Kufika mlangoni pa mahakama vilikuwa vyekundu, na havikurudi weupe tena mpaka nilipovitupa. Karani mkuu alikuwa Mzee Salehe, mtu mfupi wa Muheza aliyevaa koti hata jua likiwa utosini. Alinitazama viatu, kisha uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua Kiingereza?"

"Nimefika darasa la kumi, mzee."

"Sijakuuliza umefika wapi. Nimekuuliza unakijua?"

"Kiasi."

"Kiasi kinatosha. Wanaokijua sana wanaongeza ya kwao."

Akanipa kalamu ya kuchovya, stuli yenye mguu mmoja mfupi, na kazi ya kupanga majalada kabatini. Siku ile ya kwanza nilijifunza mambo mawili: kwamba Msahafu na Biblia za kuapishia haziwekwi rafu moja na chupa ya wino, na kwamba shahidi hapewi kiti kabla ya kula kiapo, akipewa anastarehe na kuanza kupiga soga. Hili la pili ninyi mmeliacha. Mtanikumbuka.

Ukalimani nilianza mwaka wa pili. Lazima niueleze kwa vijana, kwani siku hizi hakimu na mshtakiwa mara nyingi wanakaribia kuwa watu wa tarafa moja. Miaka ile mahakimu wengi waliotujia kusikiliza kesi kubwa walikuwa wageni, wengine kutoka ng'ambo kabisa, na kumbukumbu za shauri ziliandikwa kwa Kiingereza. Mshtakiwa anasema lake, hakimu hasikii, katikati yao amesimama karani. Kinachoingia kwenye jalada ni maneno ya karani. Ukilifikiria jambo hilo sana, huwezi kufungua mdomo, kwa hiyo tulijizoeza kutolifikiria.

Mzee Salehe alinirahisishia kwa kunikabidhi daftari lake, la jalada gumu jeusi, lililopigwa mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto aliandika maneno ya watu kama watu wanavyoyasema. Kulia aliandika Kiingereza chake, tayari, kama shati lililopigwa pasi. Mshtakiwa akisema la kushoto, wewe unatoa la kulia, hakimu anaandika, shauri linasonga.

Ukurasa nilioutumia kuliko mingine ulikuwa wa visingizio. Hasira zilinipanda. Pombe ilinituma. Mkono ulinitoka. Ulimi uliniponyoka. Shetani alinipitia. Nikiwa kijana nilishangaa kuona kwamba kwa Kiswahili chetu mtu anaweza kukiri kosa zima kutoka mwanzo hadi mwisho bila yeye mwenyewe kufanya lolote. Hasira zimefanya, pombe imefanya, yeye alikuwa jirani tu.

"Huyu shetani," Mzee Salehe aliwahi kuniambia tukifunga majalada, "ana kesi nyingi Handeni kuliko wezi wote, na hatujawahi hata kumpelekea hati ya kumwita shaurini."

Kwa "shetani alinipitia" daftari lilikuwa na Kiingereza ambacho ukikirudisha kwetu ni "nilishawishika". Na kwa kawaida kilitosha. Nilikalimani kesi ya bwana mmoja aliyechukua mbuzi watatu usiku na kudai amepitiwa na shetani. Hakimu akauliza ilikuwaje zizini mle mwenye mbuzi kumi na wanane akatoka na wale walionona. Yule bwana akafikiri kidogo, akasema, "Ni mzoefu huyo shetani." Mtu kama huyo ameshawishika, na kushawishika ni kukubali.

Wafugaji nao walikuwa na lao. Mzee mmoja wa Kimasai aliletwa kwa kulisha mahindi ya watu. Akasema ng'ombe wamekwenda wenyewe. Akaulizwa, wewe ulikuwa wapi? "Nyuma yao," akajibu, "nikiwatazama wanavyokwenda." Hilo daftari halikuwa nalo. Ilibidi nitafsiri kila neno, na mpaka leo naamini ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanya.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe.

Ilikuwa baada ya Azimio, watu wa upande wa Mazingara wakihamia kijiji kipya. Katikati ya kijiji walijenga ghala la pamoja kwa nguzo na udongo, paa la nyasi limeshuka chini karibu na kifua cha mtu. Mahindi ya shamba la Ujamaa, mavuno yao ya kwanza, yakajazwa humo. Alasiri moja ghala likaungua lote. Aliyekamatwa ni Athumani Mhina, mkulima wa miaka thelathini hivi, na walioshuhudia walikuwa zaidi ya kumi. Alishtakiwa kuchoma jengo moto kwa kukusudia. Kosa lile lilikuwa na kifungo kirefu, na kwa hali ya siasa wakati ule, mtu aliyechoma ghala la Ujamaa hakutegemea huruma ya mtu.

Hakimu alitoka Tanga kwa gari, mtu wa nchi ya mbali, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuona. Mwendesha mashtaka alikuwa Inspekta wa polisi aliyependa kuchekesha watu waliokaa kwenye mabenchi. Mimi nilisimama mahali pangu kati ya meza na kizimba. Hati ya mashtaka ikasomwa, nikaitafsiri, nikamwuliza Athumani ana la kusema.

Akajibu taratibu, mikono kwenye ubao wa kizimba: "Ghala limeungua kwa mkono wangu. Nilipitiwa."

Daftari halikuwa mezani. Halikuhitajika, nilishalimeza lote. Nilisikia "nilipitiwa" na mdomo ukatoa Kiingereza cha kulia: nilishawishika. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa.

Inspekta akasimama kueleza maelezo ya shauri. Mshtakiwa alikwenda jikoni kwa jirani kuazima moto, akapewa kijinga cha moto. Badala ya kurudi kwao, alikwenda moja kwa moja hadi ghalani, akapiga magoti, akakiweka kijinga chini ya paa, akakipanga vizuri, kisha akabaki amechuchumaa akikitazama. Aliitwa kwa jina, hakugeuka. Moto ulipopanda paa yeye alikuwa anatafunatafuna mdomo mtupu kama mbuzi anayecheua, bila haya. Zaidi ya hapo, mshtakiwa huyu ndiye aliyesimama mkutanoni kupinga ghala kujengwa mahali pale.

Nikamwuliza Athumani kama maelezo hayo ni ya kweli.

"Waliokuwepo wamesema," akajibu. "Siwezi kuwabishia."

Nikamwambia hakimu: anasema ni kweli.

Kabla ya adhabu, hakimu aliuliza kama kuna mtu wa kumsemea. Nyuma kabisa akasimama mama mmoja wa makamo, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Alikuwa mama yake Athumani. Alimsukuma begani mwanamume aliyekuwa karibu naye, na yule mwanamume akaja mbele na kadi ya hospitali mkononi. Alikuwa Tabibu Zuberi, wa hospitali moja Korogwe. Baadaye nilijua kwamba yule mama alipanda lori la magunia hadi Korogwe, akakaa mlangoni pa wodi siku mbili mpaka Tabibu akapewa ruhusa ya kusafiri.

Tabibu alieleza kwamba Athumani alilazwa kwao mwaka uliopita na kwamba ana kifafa. "Si kile mnachokijua cha kuanguka na kutoa povu. Kuna kifafa cha kutembea. Mtu macho yako wazi, miguu inakwenda, mikono inafanya kazi iliyozoea, na yeye mwenyewe hajui kitu. Nimemwona wodini akiamka kitandani, akakunja shuka, akaenda kufungua komeo la dirisha. Nikamwita, hakunisikia. Na muda wote huo alikuwa anatafuna mdomo mtupu. Ni dalili. Alipozindukana akaniuliza nani amekunja shuka."

Inspekta akainuka, tayari anatabasamu.

"Bwana Tabibu, mikono iliyoshika kijinga ni ya nani?"

"Yake."

"Miguu iliyokwenda ghalani?"

"Yake."

"Basi tumeelewana."

"Hatujaelewana, Inspekta. Mikono ilikuwepo. Yeye hakuwepo."

"Alikuwa wapi? Tanga?"

Mabenchi yakacheka.

"Hakuwa mahali popote," akasema Tabibu. "Ni ubongo uliokuwa unafanya kazi peke yake."

"Huo ubongo ni wa nani?"

"Wake," akasema.

"Nashukuru. Maana nilitaka kujua kama niuandikie hati yake wenyewe, tuulete kizimbani, kichwa kibaki nje."

Walicheka tena, na mimi nikiwa natafsiri nilijiuma shavu nisicheke. Lakini niliona kwamba hakimu hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu, akaweka kalamu chini, akazungumza, nami nikaanza kutafsiri sentensi moja moja kwa Kiswahili.

"Mheshimiwa Hakimu anasema anaiheshimu sayansi. Anasema alichoeleza Tabibu kinawezekana kwa mtu fulani, siku fulani. Lakini mshtakiwa mwenyewe, asubuhi hii, kwa mdomo wake, ameiambia mahakama kwamba alishawishika. Anayeshawishika yupo. Anasikia sauti mbili na anachagua moja. Hakuna daktari anayeweza kujua yaliyokuwa moyoni mwa mtu kuliko mtu mwenyewe. Adhabu itasomwa kesho asubuhi."

Nilipofika kwenye "alishawishika" nilikuwa nikimtazama Athumani, kwa sababu mkalimani anatakiwa amtazame anayesemwa. Aligeuza kichwa kama mtu anayesikia habari za mtu mwingine.

"Nilishawishwa na nani?" akaniuliza.

Hakimu alikuwa ameshasimama. Sikutafsiri.

Katika kazi hii mtu huwa anajua. Nilijua kwamba nimekosea kabla sijafika ofisini. Nilifungua daftari kwenye ukurasa ule, nikaweka kidole kushoto. Palikuwa na "shetani alinipitia". Hapakuwa na "nilipitiwa" peke yake. Shetani nilimleta mimi. Nililala shuleni mara ngapi nikiwa kijana, nikamwambia mwalimu nimepitiwa na usingizi? Nilisahau mara ngapi kufunga kabati, nikamwambia Mzee Salehe nimepitiwa? Neno hilo nilikuwa nalitumia mwenyewe kila wiki kwa maana ambayo sikumpa Athumani nafasi ya kuwa nayo.

Nilimwambia Mzee Salehe. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Umeshajua alikusudia nini? Au unabahatisha tena?"

"Nabahatisha."

"Basi kamwulize kwanza. Na kama umekosea kweli, kesho useme ulimi uliponyoka. Ulimi hauandikiwi barua ya onyo."

"Na nisiposema?"

"Hakimu anaondoka kesho. Mimi sikukusikia." Akarudisha miwani. "Lakini nimekusikia."

Nilitoka. Mama yake Athumani alikuwa kwenye kibaraza, amenyoosha miguu, kanga sasa imefunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa unasema sana mle ndani?"

"Ndiyo mimi."

"Mbona hukuwaambia kuhusu mafiga?"

"Mafiga gani, mama?"

"Yangu! Sisi tulikuwa pale kabla ya kijiji kuja; jiko langu lilikuwa palepale walipojenga ghala. Wamelibomoa, wakajenga. Athumani alikataa mkutanoni kwa ajili yangu, maana mimi nilikuwa nalia. Moto wa kuazima amekuwa akiniletea pale tangu ana miaka sita. Siku ile nilimtuma moto. Akaniletea." Akapiga viganja pamoja. "Ameuweka kwenye mafiga yangu. Mafiga hayapo, lakini yeye kaweka."

Ninayo tabia ya kuandika kila kitu. Mke wangu anailalamikia. Siku hiyo niliandika nikiwa nimesimama, kwenye nyuma ya bahasha ya serikali, na kalamu ilitoboa karatasi.

Mahabusu palikuwa nyuma ya ofisi. Askari alikuwa mtu wangu, akaniruhusu nizungumze na Athumani dirishani, yeye akiwa anasikiliza.

"Athumani, uliposema umepitiwa, umepitiwa na nini?"

Aliona swali la ajabu. "Si kama unavyopitiwa na usingizi? Nilikuwa nimeshika kijinga, naenda kwa mama. Mara nasikia kelele na nywele zinaungua."

"Kwa nini umesema ghala limeungua kwa mkono wako?"

"Limeungua kwa mkono wa nani? Nimwambie hakimu ni mkono wa jirani?"

"Na mahakamani ulipoulizwa kama maelezo ni ya kweli?"

"Nilikwambia, waliokuwepo wamesema. Mimi sikuwepo, nitabishana nao vipi?"

Askari akanitazama. Nikaenda zangu.

Asubuhi mahakama ilijaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa benchi la mbele na wazee wake, wamekuja kumwona Athumani akipelekwa. Hakimu akaingia, tukasimama, tukakaa. Mimi sikukaa. Niliomba ruhusa ya kusema jambo linalohusu kumbukumbu za jana.

Nilikuwa na sentensi mbili kichwani. Moja ilikuwa ya Mzee Salehe, na kwa Kiingereza chake cha kulia ilikuwa tamu sana: ulimi uliniponyoka. Niliiona vizuri kabisa, imepigwa pasi. Ningeisema, hakimu angeitikia kwa kichwa, wote tungeendelea, na hata mtu mmoja katika chumba kile asingekuwa amefanya kosa. Kwa Athumani alifanya shetani, kwangu ulifanya ulimi.

Nikasema, "Mheshimiwa, nilikosea."

Hakimu alinihurumia, akanitengenezea njia. "Unataka kusema uliteleza?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilimsikia vizuri. Mshtakiwa alisema neno moja, mimi nikampa maana niliyoizoea kwa watu wengine. Ningeweza kumwuliza ana maana gani. Alikuwa hapa mbele yangu. Sikumwuliza."

Inspekta hakuchekesha mtu. Hakimu alifungua jalada, akatazama mwandiko wake ule mzuri, akakata mstari kwa kalamu, taratibu, kana kwamba karatasi inaumia. Akamwomba Mzee Salehe asimame badala yangu. Akaamuru Athumani aulizwe upya.

"Umepitiwa na nini?" akauliza Mzee Salehe.

Athumani akaeleza kama alivyonieleza dirishani. Sasa ikaandikwa kwamba amekana kosa, na shauri likapangwa kusikilizwa hakimu atakaporudi.

Nilikaa nyuma siku ya kusikilizwa, kwenye mabenchi, mara ya kwanza katika miaka yangu ya kazi. Kutoka nyuma mahakama inaonekana kubwa zaidi. Mama alieleza habari za mafiga. Inspekta akamwuliza mwenyekiti kama anakanusha.

"Sikanushi," akasema mwenyekiti. "Jiko lilikuwa pale. Tulilibomoa wenyewe." Akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata mimi nimekula pale."

Tabibu alirudia maneno yake, na safari hii kutafuna mdomo kulikosimuliwa na mashahidi wa Inspekta kuwa ni jeuri kukasimama upande wake. Kila shahidi alikuwa amelitaja. Inspekta mwenyewe ndiye aliyekuwa ametuletea ushahidi wa ugonjwa, na sidhani kama alijisamehe.

Kisha Athumani akafanya jambo lililowaudhi wote waliokuwa wanamsaidia. Tabibu alikuwa amesema kwamba mtu huyu hawezi kubeba lawama. Athumani akaomba kusema.

"Mheshimiwa, ghala lilipoungua sikuwepo. Hilo Tabibu amelijua kuliko mimi. Lakini nilipewa vidonge, niliambiwa nimeze kila siku. Vikaisha wakati wa kuvuna. Nikasema, Korogwe mbali, nitakwenda tukishavuna. Siku hiyo niliposema hivyo, nilikuwepo."

Mama yake akashika kichwa. Tabibu akatazama sakafu.

Hakimu alimwachia. Alisema kwa ghala lile Athumani hana hatia, kwa sababu sheria inamtafuta aliyekusudia, na hapakuwa na mtu wa kukusudia. Kuhusu vidonge, alisema mahakama yake haina kifungu cha kumshtaki mtu aliyeahirisha safari ya hospitali, na kwamba anamwachia jambo hilo mwenye nalo.

Nje, kwenye kibaraza, nilisimama karibu kuliko ilivyonipasa. Mwenyekiti alimsubiri Athumani kwenye ngazi.

"Mahakama imekuachia," akamwambia. "Sisi bado."

"Najua, mwenyekiti. Nguzo nitakata mimi."

"Na nyasi?"

"Na nyasi."

"Na vidonge?"

"Nitameza mbele yako, kila asubuhi. Ukichelewa kuamka nitakugongea."

"Usinigongee na moto," akasema mwenyekiti, na hapo ndipo mzee mmoja wa nyuma alipoanza kucheka, wakafuata wote, hata Athumani, mwisho kabisa mama yake.

"Ghala msilijenge tena juu ya mafiga yangu," akasema yule mama, huku bado anacheka. Walilisogeza. Nilipita kijiji kile kwa kazi nyingine baadaye, nikaliona, hatua kama hamsini upande wa pili, na mahali pa zamani pamesimama jiko lenye moshi.

Barua yangu ya onyo ilikuja mwezi uliofuata. Mzee Salehe aliipiga chapa mwenyewe, hakukosea hata herufi moja. Ninayo mpaka leo. Nilihamishiwa Korogwe miaka kadhaa baadaye, nikajenga Kilole, nikatafsiri, nikaacha kutafsiri mahakimu walipokuwa wa kwetu, nikazeeka kwenye masjala. Kesi nyingine zilikuja. Sikumbuki nyingi.

Kwa hiyo, kijana wangu wa pilau, jibu ni hili. Sayansi inaweza kuja mahakamani na kutuambia kwamba mtu hakuwepo. Tuisikilize. Bila Tabibu Zuberi tungemfunga mtu kwa kupeleka moto kwa mama yake. Na nikuongezee, maana najua utalisema: miguu ya Athumani ilikwenda ilikozoea, na mdomo wangu pia ulikwenda ulikozoea. Huenda hata mshipa ni huohuo, sijui, Tabibu hakunipima. Lakini Athumani aliitwa kwa jina pale ghalani, mara nyingi, na hakuweza kugeuka. Mimi Mzee Salehe aliponisemesha niligeuka. Na Athumani naye, alipopata nafasi ya kuulizwa, alijibu hata lile ambalo hakuulizwa. Mahali hapo, mtu anapoweza kuitwa akageuka, ndipo kazi yetu inapoanza. Siku wataalamu wako watakaponionyesha kwamba hakuna anayegeuka, nitasaidia kubeba mabenchi tufunge.

Daftari la Mzee Salehe nimeliacha kwenye droo yako, upande wa kulia, chini ya kaboni. Fungua ukurasa wa visingizio. Nimeongeza mstari mmoja kwa wino wangu. Kushoto nimeandika "nilipitiwa". Kulia, ambako pangekuwa na Kiingereza, utakuta Kiswahili: Mwulize na nini, kisha unyamaze mpaka ajibu.